Picha Zilizopewa Mgongo

Ng'ambo ya milima ile ambayo wachora ramani huifikia wakiwa wamekwisha kuchoka, ipo nchi iitwayo Karibuni. Njia ya kwenda huko siwezi kukuelekeza, kwa kuwa hata Nyanzala, binti ambaye habari hizi ni zake, hakujua alivyofika. Alikuwa amemaliza chuo na kupata kazi yake ya kwanza, na kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza tovuti ya hospitali ya wilaya yao. Mchana mmoja wa joto aliinua macho kutoka kwenye kompyuta, akajikuta amesimama katika uwanja mpana uliofagiwa hata ukang'aa, na watu asiowajua wanampungia mikono.

"Karibu!" walimwambia wote kwa pamoja.

Ndiyo salamu yao, na hawana nyingine. Ukiamka, karibu. Ukiaga, karibu. Ukimkanyaga mtu mguu unamwambia karibu, naye anakujibu karibu huku amekunja uso. Nyanzala, ambaye moyo wake ulikuwa mwepesi kupenda vitu, aliipenda nchi ile kabla hata hajapewa kiti.

Kisha akaliona Jumba la Wote.

Lilisimama katikati ya uwanja, refu kuliko mawazo ya mtu, na kuta zake hazikutulia. Ziligeuka polepole, moja baada ya nyingine, kama kitabu kikubwa kinachosomwa na upepo. Wakaribuni wenyewe huziita kurasa. Kila ukurasa ulipogeuka, chumba kipya kilifunguka kwa ndani, na juu ya kila mlango wa chumba pametundikwa picha ya rangi inayoonyesha mlango ule unaelekea wapi. Hakuna maandishi. Ukitaka mbegu, unafuata picha ya shamba. Ukitaka dawa, unafuata picha ya mgonjwa aliyeketi kitandani anacheka. Nje ya Jumba hakuna duka wala ofisi. "Milango mingi ya nini," Wakaribuni huuliza, "na huu mmoja ni wa wote?"

Aliyempokea ni Kitundu, Mjenzi Mkuu, bwana mnene mwenye joho refu na sauti ya mtu aliyezoea kuonyesha vitu vizuri.

"Tumesikia kwamba wewe nawe hujenga kurasa," alimwambia.

"Najifunza, mzee."

"Basi leo umefika chuo." Akamwonyesha sheria iliyochongwa juu ya lango kwa dhahabu: HAKUNA ATAKAYEACHWA NJE.

"Na kweli hakuna?" Nyanzala aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Binti yangu, mimi nimeketi ndani ya Jumba hili tangu ujana wangu. Humu ndani sijawahi kumwona mtu aliyeachwa nje."

Langoni alikutana na mlinzi aitwaye Shilinde, aliyemwekea mbele sinia ya vigae vidogo vilivyochorwa. Kila anayeingia lazima kwanza athibitishe kwamba ni mtu, na mtu, kwa sheria ya Karibuni, ni yule anayeweza kuonyesha vigae vyenye mbuzi. Nyanzala alivionyesha. Kimoja kilikuwa na mkia tu, akasita kidogo, lakini akapita. Chumba cha kwanza alizunguka amefumbua mdomo. Chini ya kila picha alisimama mtu aliyevaa sare iliyopigwa pasi, uso kwa wageni, mgongo kwa picha, na kutoka kwa watu hao ilitoka sauti ya chini isiyokatika, kama njiwa darini. Nyanzala alidhani ni wimbo. Alikuwa anatazama; hakuwa na haja ya kusikiliza.

Alipewa malazi kwa Kalunde, kwa kuwa kwa desturi yao mgeni hulala nyumba iliyo karibu zaidi na uwanja. Kalunde alikuwa msokota kamba, mama wa makamo, mwepesi wa kucheka, na hakuona tangu kuzaliwa. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga aliyefungwa kwa kanga. Mlangoni alikaa binti yake mkubwa, msichana mkimya, ameshika kamba ya mbuzi.

Nyanzala alilisifu Jumba hata chai ikapoa. Kalunde alimwacha amalize.

"Wanasema ni zuri," alisema mwishowe. "Mimi nalijua lango lake tu. Lango lake ni la baridi."

"Hujawahi kuingia, dada?"

"Kutembezwa nimetembezwa. Kuingia, bado." Akamfungua mtoto mgongoni, akampakata. "Mdogo wangu, lete kidole chako. Kisafi?"

Akakiingiza kidole cha Nyanzala kinywani mwa mtoto. Chini ya ufizi laini, mbele kabisa, palikuwa na kitu kigumu kama punje ya mchele.

"Umelisikia?"

"Jino."

"Halijatoka. Likitoka, mwanangu amekwisha."

Ndipo akamweleza sheria ya majina. Huko Karibuni mtoto hupewa jina na mama yake, mama na si mtu mwingine, katika Birika la Majina lililomo moyoni mwa Jumba. Mama hufika, huinama, hulitaja, na maji hulipokea. Asipofika kabla ya jino la kwanza kutokeza, mtoto huitwa Mwingine. Wapo wengi. Shuleni mwalimu akiita "Mwingine!" nusu ya darasa husimama, na mwalimu humpa adhabu aliye karibu. Wakikua huoana wao kwa wao, na harusini hakuna ajuaye bibi harusi ni yupi.

"Basi nitakupeleka mimi!" Nyanzala aliruka. "Sasa hivi. Nimekwisha kuuona mlango wenyewe."

Kalunde alitikisa kichwa. "Anayeshikwa mkono, Birika halimsikii. Linamsikia aliyemshika. Ukiniongoza wewe, jina utalitaja wewe."

"Si utaniambia tu nilitaje lipi?"

Kalunde akaita, akiuelekeza uso wake mlangoni. "Nyamizi!"

Msichana hakuitika. Aliinuka tu, akaja, akauweka mkono wake katika mkono wa mama yake, akasimama.

"Umeona?" alisema Kalunde. "Nyamizi lilikuwa jina la mama yangu. Ndilo nililompa jirani aliyeniongoza siku ile, mtu mwema sana. Alipofika pale kwenye maji akakumbuka kwamba ana ugomvi na mama mkwe wake. Akaona ni nafasi ya kupatana. Mwanangu huyu anaitwa Kashindye, jina la mama mkwe wa mtu. Na kwetu, kuitikia jina ambalo Birika halikulitoa ni sawa na kuiba. Yeye ni mtoto mtiifu. Nikimwita anakuja, ananishika mkono. Lakini haitiki. Sijawahi kusikia akiniitikia." Akampapasa msichana nywele. "Jina likishatoka majini limetoka, mpaka mama mwenyewe alifuate. Sasa na huyu mdogo? Nimpe nani tena anitajie?"

Usiku ule Nyanzala hakupata usingizi. Asubuhi, akiwa mgeni wa heshima, aliomba kusema mbele ya Baraza la Wajenzi, akapewa nafasi mara moja, maana Wakaribuni hawamnyimi mtu nafasi ya kusema. Akawauliza asiyeona atazifuataje picha.

"Wasioona hawaji hapa," alijibu mjenzi mmoja kijana, kwa upole. "Mimi huwachunguza wageni wote waliomo ndani. Wote wanaona."

"Labda kwa sababu wasioona hawawezi kuingia."

"Ndicho ninachosema, dada. Hawaji. Sasa tuwajengee watu wasiokuja?"

"Na wakikariri njia?"

"Haikaririki," alisema mwenzake kwa fahari. "Kurasa tunazipanga upya mara kwa mara. Watu hupenda sura mpya."

"Lakini binti anasahau jambo," alisema mjenzi wa tatu. "Kila picha ina Msemaji wake. Sheria ilitaka kila picha isemewe, nasi tumeweka Msemaji kila picha. Mkaguzi amepita, ameuliza: yupo? Yupo. Anasema? Anasema. Cheti kimetundikwa. Jumba liko wazi kwa wote."

"Wanasema nini, hao Wasemaji?" Nyanzala aliuliza.

Swali hilo halikuwamo katika ukaguzi.

Kitundu akaingilia kati, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya na hakupenda mgeni aondoke na huzuni. Alimweleza kwamba mambo yote hayo yamo katika Awamu ya Pili. Awamu ya Pili ilikuwa imesubiriwa muda mrefu hata ikawa na sikukuu yake. Kila mwaka watu huvaa nyeupe, hula wali, na huimba nyimbo nzuri sana za kuingoja. Kwa sasa, alisema, huyo mama apewe hii. Akatoa chini ya meza Kofia ya Huruma, kofia kubwa yenye vipaza sauti viwili, ambayo asiyeona akiivaa humsomea Jumba zima.

Nyanzala aliijaribu. Kofia ilimpigia kelele masikioni, "KARIBU! KARIBU! MBELE YAKO PANA KITU! KARIBU!" na haikunyamaza mpaka alipoivua.

"Na huyo mama amewahi kuivaa?" aliuliza, masikio bado yanavuma.

"Wengi wamepewa," alisema Kitundu. "Na shukrani tumejiandikia wenyewe."

Alirudi kwa Kalunde amenyong'onyea. Mtoto alikuwa analia na kutafuna ncha ya kanga, na mate yalimtiririka kidevuni.

"Wamekupa kofia?" Kalunde aliuliza.

"Umejuaje?"

"Nawajua. Ni watu wa kofia." Akasimama, akamfunga mtoto mgongoni kwa nguvu, akatwaa fimbo yake. "Twende. Ukitaka kunisindikiza, nisindikize. Mkono wako uwe nao mwenyewe."

Wakaenda, na msichana akawafuata na mbuzi wake.

Langoni Shilinde aliweka sinia. "Karibu, mama. Thibitisha kwamba u mtu. Onyesha vigae vyote vyenye mbuzi."

Kalunde alipitisha vidole juu ya vigae. Vyote vilikuwa laini sawasawa, vyote baridi. "Shilinde, unanijua. Kamba ya kengele yako nimeisokota mimi."

"Nakujua, mama Kashindye. Lakini kwa sasa bado hujawa mtu. Jaribu tena."

"Kama mimi si mtu, hawa watoto kawazaa nani?"

"Hilo ni swali la ofisi nyingine," alisema Shilinde, na kusema kweli aliona haya, kwani aliinamisha kichwa. Na kwa kuwa aliinamisha kichwa, hakuona kwamba mbuzi wa msichana amenyoosha shingo, amenyakua pindo la joho lake, na anatafuna. Alipohisi upepo mguuni alipiga ukelele. Mbuzi naye akajibu kwa sauti kubwa.

Kalunde akanyoosha kidole palepale. "Mbuzi. Yule pale."

Shilinde aliduwaa. Akaisoma sheria yake kimoyomoyo, akaisoma tena. Sheria ilisema mtu ni yule aonyeshaye mbuzi. Haikusema amwonyeshe akiwa kwenye kigae. Taratibu, kama mtu anayefungua mlango ambao hakujua kuwa ni mlango, akatabasamu.

"Mama," alisema, "umefaulu. Pita. Ila mbuzi na mtoto mkubwa wabaki."

Msichana akabaki nje na mbuzi. Kalunde akaingia, Nyanzala nyuma yake, mikono ameifumbata kifuani isije ikamponyoka ikasaidia.

Ndani, ile sauti ya njiwa iliwapokea. Safari hii Nyanzala aliisikiliza, na akaielewa.

"Picha," alisema mtu wa kwanza. "Picha," alisema wa pili. "Picha. Picha. Picha." Chumba kizima, sare kwa sare, mlango kwa mlango, kila mmoja akisema palipo na picha, na hakuna hata mmoja aliyesema ni ya nini.

Nyanzala alisimama. Alikumbuka tovuti yake. Kila picha aliyoweka pale, lango la hospitali, wodi ya wazazi, dirisha la dawa, ilikuwa na nafasi ya kuandika maelezo, ili simu ya mtu asiyeona imsomee. Kila nafasi alikuwa ameijaza, kwa kuwa mfumo ulimkatalia kuendelea kama haijajazwa. Alikuwa ameandika: picha.

Juu ya kiti kirefu katikati ya chumba aliketi Bi Kabula, mtunza mchanga, na chupa yake ya kioo. Mgeni akiingia huigeuza chupa, na mchanga ukiisha kabla hajachagua mlango, sakafu humtelezesha hadi nje, kwa usalama wake. Ni hatari gani anayokingwa nayo, hakuna akumbukaye. Bi Kabula aliigeuza. Mchanga ukaanza kunong'ona.

Kalunde alifuata sauti iliyo karibu zaidi. Ilikuwa ya Msemaji aitwaye Lubango, bwana mrefu aliyesimama wima kama nguzo.

"Baba, hii ni nini?"

"Picha."

"Ya nini?"

"Ya ukutani."

"Najua iko ukutani, haiwezi kuwa chunguni. Ndani yake mna nini?"

Lubango alikohoa. "Mama, kazi yangu ni kusema palipo na picha. Kilichomo sikijui."

"Huioni?"

"Iko nyuma yangu."

"Basi geuka."

Wageni waliokuwa wakipita walisimama ghafla. Msemaji wa jirani aliacha kusema. Maana ni lazima ujue kwamba Karibuni hakuna tusi kubwa kuliko kumpa mgeni mgongo. Mtu anaweza kusamehewa wizi, lakini si hilo. Ndiyo maana Wasemaji waliwekwa tangu mwanzo uso kwa wageni, na ndivyo walivyosimama, na baba zao kabla yao. Mtu alizeeka chini ya picha na kuzikwa bila kuiona, kwa sababu ya adabu tu.

"Nikupe mgongo? Wewe, mgeni?" Sauti ya Lubango ilitetemeka. "Mama, mimi nimelelewa."

Kalunde alicheka. Alicheka kwa kweli, kicheko cha mtu aliyekuta kifungo cha nguo ndani ya wali.

"Baba yangu, nipe tu huo mgongo. Mimi nitaujuaje?"

Mchanga ulikuwa umefika nusu. Lubango alimtazama usoni, akayatazama macho yake yasiyomtazama, na ilionekana wazi jinsi wazo lilivyokuwa likimwingia polepole: kwamba mbele ya mgeni huyu, peke yake kati ya wageni wote wa maisha yake, angeweza kugeuka na asimkosee mtu.

Akageuka.

Alikaa hivyo, uso juu. Mabega yake yalianza kutikisika. Mchanga ulizidi kushuka. Nyanzala aliiona picha, aliuona mlango, alijua kabisa ni huu, na mkono wake ulikuwa umeshatoka kifuani, ulikuwa hewani, karibu kuugusa mkono wa Kalunde. Kuvuta kidogo tu. Hatua chache tu. Na mtoto angeitwa jina litakalotajwa na Nyanzala, kwa wema wote wa Nyanzala. Aliushika mkono wake kwa mkono mwingine, akaurudisha.

"Baba," alisema Kalunde taratibu. "Umefika wapi?"

"Kuna njia," alisema Lubango. Sauti ilitoka imekwaruza, kama ya mtu aliyelala muda mrefu. "Kuna njia inashuka. Katikati ya mtama. Mtama umeiva, una rangi ya... ya kahawia ya mkate ukitoka jikoni. Unainama pande zote. Chini kabisa pana maji, ya mviringo. Na kina mama. Wameinama juu ya maji, wamefungua vinywa, na kinywani mwa kila mmoja anatoka ndege. Hawafanani, mama. Hakuna ndege wawili wanaofanana. Mmoja ni mdogo, mwekundu, hajamaliza kutoka, mkia bado uko mdomoni." Alijifuta uso kwa mkono wa sare. "Wameniuliza. Maisha yangu yote kina mama wamesimama hapa wakaniuliza, nami nikawaambia, picha."

Neno la Msemaji ni neno la Jumba lenyewe. Hakuna sheria inayoliita kushikwa mkono. Kalunde alinyoosha fimbo yake, akakigusa kizingiti chini ya picha ile, akapita.

Wakati huo mchanga ulipaswa kuwa umekwisha. Nyanzala alitazama juu. Bi Kabula alikuwa ameilaza chupa ubavu mapajani, ameisahau, anamtazama Lubango.

Katika chumba kilichofuata habari zilikuwa zimekwisha kutangulia. Msemaji wa kwanza, mwanamke kijana, aliuliza kwa aibu, "Mama, na mimi naweza kukupa mgongo?" na kabla hajajibiwa aligeuka. Wa pili akageuka. Wa tatu. Ilikwenda kama upepo unapogeuza majani ya mti, upande huu wa kijani, upande ule wa fedha. Jumba zima likaanza kusema. Huku palisemwa paka aliyekaa juu ya paa la bati kama mwezi. Kule palisemwa bibi anayepima mbegu kwa kiganja, na kovu lililoko kwenye kiganja hicho. Wengine walikosea, wakajisahihisha. Mmoja alibishana na jirani yake kama ile ni pundamilia au punda aliyekaa nyuma ya uzio. Na wageni waliokuwa na macho mazuri, wale waliopita hapo kila wiki wakikimbilia mbegu zao, walisimama na vikapu vyao. "Kulikuwa na paka?" waliulizana. "Wapi? Mbona sikumwona?"

Nyanzala alifumba macho.

Hakujua kwamba Jumba lingeweza kuwa kubwa zaidi. Alipokuwa akilitazama lilikuwa na kuta. Sasa lilikuwa halina. Lilifunguka mbele yake sauti kwa sauti, mtama juu ya mtama, maji chini ya maji, na katikati ya yote hayo alisikia fimbo moja ikigonga sakafu, tap, tap, bila haraka, fimbo ya mtu anayekwenda anakokwenda. Alilia bila kujizuia. Vitu vyote alivyowahi kutamani kuvijenga vilikuwa vidogo mbele ya kile.

Mahali fulani Msemaji wa cheti naye aligeuka. "Hapa," alitangaza, "pana karatasi ndani ya fremu. Imepauka kwa jua. Haina hata herufi moja." Kicheko kilipita kurasani, na Kitundu, aliyekuwa ameshuka mbio kutoka dirishani kwake, alisimama chini ya fremu ile akaitazama kwa mara ya kwanza. Joho lake lilionekana kumlemea.

Chumba cha mwisho hakikuwa na picha, wala hakikuhitaji. Maji yalisikika. Nyanzala alisimama kizingitini, kwa kuwa jina la mtoto ni la mama yake, akamwacha Kalunde apite peke yake. Aliona mgongo wake tu, na kichwa kidogo cha mtoto juu ya kanga. Aliona mgongo ukiinama.

Desturi ni kwamba jina likipokewa hurudishwa nje: Msemaji aliye karibu na Birika humwambia wa pili, naye wa tatu, mpaka lifike langoni. Wasemaji walikuwa wamelifanya hilo maisha yao yote kwa sauti ileile ya njiwa. Siku ile walilipokea kama watu waliopewa kitu cha kubeba.

"Mihayo!" lilitoka jina. "Mihayo! Mihayo!" Chumba kwa chumba, hadi nje, na uwanjani watu wakapiga vigelegele.

Nyanzala aligeuka amwone Kalunde akitoka. Hakuwa ametoka. Alikuwa bado ameinama, ameshika ukingo wa Birika kwa mikono miwili, na kichwa chake kilishuka mara nyingine juu ya maji.

Msemaji wa karibu alisita. Kisha akalitaja, na jina la pili likaanza safari yake. Lilipita chini ya yule paka wa mwezi, likapita kwa bibi wa mbegu, likapita kwa Lubango, aliyelitamka ameutazama mtama wake, likapita juu ya chupa iliyolala ya Bi Kabula, likafika kwa Shilinde langoni. Naye, akiwa ameshika pindo la joho lake lililoliwa, alilipaza hata uwanja mzima ukasikia:

"Nyamizi!"

Kalunde, moyoni kabisa mwa Jumba, alikuwa ameinua kichwa, amekielekeza upande wa nje.

Kisha, mbali, kutoka upande wa lango, ikaja sauti nyembamba ambayo haikuwa imezoea kazi hiyo.

"Abee, mama!"

Baadaye Baraza lilikutana kujadili tatizo zito: kama hii ndiyo Awamu ya Pili, sikukuu yake ifutwe? Walijadiliana kwa siku nyingi, na nasikia wameamua kuanza kuingoja ya Tatu. Lakini Wasemaji hawakurudi walivyokuwa. Husimama ubavu sasa, sikio kwa mgeni na jicho kwa picha, na imekubaliwa kwamba ubavu si tusi.

Nyanzala naye aliinua macho, akajikuta mezani kwake, kompyuta imezimika kwa kungoja. Aliiwasha. Alirudi kwenye picha ya kwanza kabisa, lango la hospitali, ambayo alikuwa ameipiga mwenyewe na ambayo, alitambua, hakuwahi kuiangalia. Alilifuta lile neno moja. Akaitazama. Akaanza kuandika: lango la bluu, liko wazi upande wa kulia, ngazi hakuna, kuna mteremko, mama mmoja anaingia, amebeba mtoto.

Alifanya hivyo picha baada ya picha. Na kila alipomaliza moja, kabla hajaigusa inayofuata, alitega sikio kidogo, kama mtu aliyeita jina.